Siku Walipotaka Kangaga Lipimwe Damu

Vijana wa Matisi, mnapita hapa mbele ya nyumba yangu kila asubuhi mkisema "Niaje mzee," halafu mnarudi kwenye simu zenu kabla sijaitikia. Juzi mmoja wenu alisimama. Aliyaona makopo yangu yamepangwa ukutani, kila kopo na majani yake, akauliza kama mimi ni mganga. Nikamwambia mimi ni mstaafu. Akacheka mpaka akashika goti.

"Mstaafu wa nini, mzee? Si watu wanasema hata shule hukumaliza?"

Watu wanasema kweli. Niliacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nilichoka na majibu yake. Tangu hapo nimekuwa utingo wa lori la mahindi, nimefyatua matofali Sirisia, nimekamua ng'ombe wa watu Endebess, nimechimba vyoo kutoka Kitale hadi Bungoma. Hakuna kazi iliyonishika zaidi ya msimu mmoja, isipokuwa moja: kutafuta makangaga ili yapimwe DNA. Hiyo ilinishika mpaka magoti yakakataa. Kwa hivyo kaeni, au simameni, mradi simu ziingie mfukoni.

Kangaga mnalijua, hamjui tu kwamba mnalijua. Ni ule mmea wa majani yaliyochanikachanika unaoota kivulini na penye maji, ambao wapambaji wa harusi huufunga pamoja na maua ili bibi arusi aonekane ametokea msituni. Halina ua, halina tunda, halina mbegu. Chini ya jani kuna madoa ya kahawia, na ndani ya madoa kuna vumbi jepesi kuliko unga. Vumbi hilo ndilo uzazi wake. Upepo ukilibeba linaweza kuvuka bonde, ziwa, hata bahari, likatua kwenye ukuta wenye unyevu na kuanza maisha. Nilimwona mkulima mmoja Endebess akiyapulizia madoa hayo dawa ya ukungu, akiamini ni ugonjwa. Alipuliza kwa bidii, na barakoa juu. Kangaga halikufa wala halikupona, maana halikuwa linaumwa.

Aliyeniingiza kwenye kazi hii ni Daktari Jebet. Si daktari wa hospitali, msije mkaanza kumtafuta kwa malaria. Daktari wa mimea. Nilimkuta Endebess amelala kifudifudi kwenye mfereji, nikadhani amegongwa na bodaboda.

"Mama, uko sawa?"

"Shika hii," akasema bila kugeuka, akanipa kioo cha kukuzia. "Na usikanyage hapo. Umekanyaga. Sawa, usikanyage tena."

Nikabaki. Nilibaki kwa sababu kila nililouliza alilijibu, na asilolijua alisema halijui. Wasomi wa namna hiyo ni adimu kuliko makangaga yenyewe. Wengi niliowaona, wasipojua jibu, huanza kukohoa.

Sasa, kazi ilikuwa hivi. Unachagua jani changa, safi, lisilo na kuvu. Unachana kipande kama ukucha wa kidole gumba, unakitia kwenye karatasi ya chujio, kisha ndani ya chupa yenye zile chembe za kukausha, kama zile za kwenye kipakiti unachokikuta ndani ya sanduku la viatu vipya na kukitupa. Jani lazima likauke upesi. Likikaa na maji yake, linaoza, na DNA inaoza nalo. Kisha unakata tawi zima, unalibana kati ya magazeti, ili kesho mtu akibisha ni mmea gani, umwonyeshe mmea wenyewe na si maneno.

Wiki za kwanza niliishiwa na karatasi za chujio. Mimi nikaona mambo ni rahisi, nikatia majani kwenye mfuko wa unga wa ugali niliokuwa nimeukung'uta vizuri, kwa maoni yangu. Majibu ya maabara yalipokuja, Daktari alinipigia simu mwenyewe.

"Hongera," akasema. "Umepata kangaga la ajabu sana."

"Kweli, Daktari?"

"Kweli. Ni mahindi."

Nilichekwa Endebess yote. Mpaka leo yuko mzee mmoja kule ambaye tukikutana huniuliza kama kangaga limekomaa tuvune. Jifunzeni hapo: mashine ile haina adabu. Ukiipa unga, inasema unga. Haijali wewe ni nani wala umetembea umbali gani kupanda mlima.

DNA nilielezwa hivi, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Kila kiumbe kina maandishi ndani yake, na kila kikizaa hunakili maandishi hayo kwa watoto. Kunakili hakukosi makosa. Hebu fikirieni kwaya. Mwalimu mmoja anafundisha wimbo Kitale, anakosea noti kwenye ubeti wa pili. Wanafunzi wake wanaolewa Bungoma, wanafundisha kwaya huko, na kosa linakwenda nao. Ukisikia kwaya mbili zilizo mbali zikikosea pale pale, unajua zilitoka kwa mwalimu mmoja. Na zikishaachana, kila moja inaongeza makosa yake. Makosa mengi tofauti, maana yake ziliachana zamani. Machache, ziliachana juzi. Daktari alikuwa akisoma makosa ya makangaga, anayachora kama ukoo wenye matawi, kisha anautandaza ukoo ule juu ya ramani. Hapo unaona lipi lilitoka wapi, na lipi linajisingizia.

Hilo la kujisingizia ndilo lililoniingiza kwenye ugomvi wa Sirisia.

Sirisia kuna mjane mmoja ninayemheshimu, Mama Nasimiyu. Mumewe alipokuwa hai niliwachimbia choo, na yule mama alinipa chakula kizuri kuliko shimo lilivyostahili. Chini ya shamba lake kuna chemchemi, imekaa mpakani kabisa na shamba la shemeji yake, Mzee Barasa, ndugu wa marehemu. Miaka yote nyumba zote mbili zilichota hapo. Mume alipozikwa, Barasa alingoja matanga yaishe, halafu akazungusha seng'enge. Chemchemi yote ikawa ndani, upande wake. Mjane akabaki na ndoo nje, akitembea hadi mtoni kwenye maji yanayopitiwa na ng'ombe.

Kesi ilifika kwa wazee wa ukoo. Wazee wakasema kwao desturi ni moja: aliyefungua chemchemi ndiye ana neno juu ya maji, yeye na uzao wake aliouachia. Barasa akasimama akatoa hadithi. Babu yake, akasema, alishuka kutoka Mlima Elgon na kangaga mkononi, alilolitoa kwenye pango, akalipanda penye maji kama muhuri. Na babu alimwachia yeye, Barasa, neno hilo kwa mdomo, wala si ndugu yake. Ushahidi? Si huu hapa, makangaga yamejaa chemchemi nzima.

"Na mimi ndiye mzaliwa wa kwanza," akaongeza, kana kwamba kangaga linajua.

Nilikuwa nimepita pale kusalimia tu. Kosa langu ni kwamba mdomo wangu haujui kupita. Nikamweleza mwenyekiti wa wazee, mwalimu mstaafu mwenye kofia asiyoivua hata kanisani, kwamba siku hizi kuna mashine ya kusoma ukoo wa kangaga. Barasa alisikia. Macho yakamwaka.

"Ati kama ile ya kupima mtoto ni wa nani?"

"Karibu hivyo, mzee."

"Basi lipimwe damu! Hii kangaga ipimwe na ile ya pangoni. Watajua ni baba na mtoto. Mimi siogopi!"

Sijawahi kuona mtu akikimbilia mtego kwa furaha namna ile. Mama Nasimiyu alikuwa amekaa nyuma na wanawake wengine, akauliza swali moja tu.

"Na mimi nitachota wapi wakati hiyo nyasi inapimwa?"

"Mulamwa, kuwa na subira," Barasa akamwambia kwa upole wa mtu aliyeshiba. Mulamwa ndivyo mashemeji wanavyoitana kwao. "Ukweli haina haraka."

"Ukweli haina kiu, ndio maana," mama akajibu, akabeba ndoo yake akaenda mtoni.

Daktari Jebet nilipomweleza alikasirika. "Mimi sipimi mashamba," akasema. "Wala sipimi babu za watu." Lakini kwenye ramani yake, upande wa Sirisia ulikuwa mtupu, na kama kuna kitu kinachomnyima mtu wa namna ile raha ni ramani yenye sehemu tupu. Mwishowe akasema, "Majani leta. Ugomvi wabaki nao."

Siku ya kuchukua majani ilikuwa kama siku ya kura. Barasa alitaka kuchuma yeye. Mwenyekiti akasema hapana, Barasa achume moja na mjane achume moja, kila mtu mbele ya macho ya mwenzake. Barasa akachagua jani kubwa, akalifuta kwa leso. Mama Nasimiyu alipitisha mkono kati ya nyaya za seng'enge akang'oa lililokuwa karibu.

"Hukuchagua?" nikamuuliza.

"Mimi sikuja kwa hii nyasi. Nilikuja kwa ndoo."

Kisha tukapanda mlima upande wa Endebess, mimi, Barasa na mwenyekiti, kutafuta pango la babu. Barasa alisema analijua kama sebule yake. Alituingiza kwenye pango la kwanza, popo wakatutoa. La pili lilikuwa kavu, limejaa mavi ya mbuzi. Alipofika la tatu alisimama mlangoni akapumua sana, akasema, "Ni hapa. Nahisi damu." Nafikiri alichohisi ni miguu. Lakini makangaga yalikuwepo, mapana, magumu kama ngozi. Hata mimi wa darasa la sita niliona hayafanani na yale ya chemchemi, ambayo ni laini, yenye vijani vidogo juu ya vijiti vyeusi vyembamba kama nywele.

"Mzee, haya si kama yale," mwenyekiti akasema.

"Huko juu kuna baridi. Hata wewe ukikaa huku utanona," Barasa akajibu.

Nikachana, nikatia kwenye karatasi, nikatia kwenye chupa. Hapakuwa na mfuko wa unga karibu, nilihakikisha.

Majibu hayaji kesho, hata mkisukuma. Msimu ule mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakabeba. Mama Nasimiyu alitembea mtoni. Mara mbili nilimkuta njiani nikambebea ndoo, akinisema njia nzima: kwamba nimewapa wazee kisingizio, kwamba kabla ya mashine yangu angalau walikuwa wanaaibika kidogo. Alikuwa na haki. Nilimletea Daktari jani, nikamletea mjane safari za mtoni.

Simu ilipokuja kwamba kazi imekamilika, Barasa alidai majibu yasikike mbele ya wote, kwa spika, moja kwa moja kutoka kwa Daktari, ili mimi nisije nikayapika. Kwa hiyo tulikaa chini ya paa la bati la kanisa, simu yangu juu ya meza, wazee wameinamia kama wanataka kuipuliza.

"Daktari, unasikika," mwenyekiti akapaza sauti, maana aliamini umbali unahitaji nguvu. "Wazee wako hapa."

"Hamjambo, wazee. Niliwaambia mimi sipimi mashamba."

"Tunajua, mama. Tuambie jani tu."

"Majani mawili ya chemchemi ni kangaga la aina moja. Lile la pangoni ni aina nyingine kabisa. Hayana undugu wa karibu. Ni kama kuleta mbuzi na punda mkaniuliza nani amemzaa mwenzake."

"Si wote wako na miguu nne?" Barasa akasema. Watu wakaanza kucheka, wakajizuia kwa sababu ni kanisani.

"Na hilo la chemchemi," sauti ikaendelea, "ndugu zake wako Amerika Kusini. Huko ndiko kwao. Huku watu walilileta kama pambo. Katika sehemu za DNA nilizosoma, linafanana herufi kwa herufi na yale tuliyochukua kwenye vyungu vya maua kule Kitale. Inaonekana lilitoroka kwenye vyungu."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Barasa alikaza shingo.

"Nani amesema babu yangu hakufika Amerika?"

Hapo kanisa lilisahau kwamba ni kanisa. Mwenyekiti alishika kofia isidondoke.

"Barasa, babu yako nilimjua. Huyo mzee aliogopa kuvuka mto Nzoia, tena juu ya daraja!"

"Alivuka! Kuna siku alivuka!"

"Mulamwa," Mama Nasimiyu akasema taratibu kutoka nyuma, "kama alifika Amerika, si angerudi hata na sufuria? Amekwenda huko kote, analetea watoto nyasi?"

Kina mama walifunika nyuso kwa leso, mabega yanatikisika. Mimi nikainama kwenye simu nikauliza kilichokuwa kikiniwasha: je, DNA inaweza kusema nani alilipanda pale?

"Haiwezi," Daktari akasema. "Huenda ni mtu, huenda ni upepo. Vumbi lake halihitaji mtu. Kuna swali lingine? Nina mashine inaendelea huku."

Hakukuwa na lingine. Mwenyekiti akazima simu kwa kidole cha shahada, kwa heshima, kana kwamba anafumba macho ya marehemu.

"Barasa. Wewe ndiye ulituambia kangaga ni shahidi wako. Shahidi amesema hakujui. Toa seng'enge."

Na ikatolewa, siku hiyo hiyo, kabla jua halijashuka. Mama Nasimiyu alikuwa amekuja na ndoo. Hakungoja hata wamalize kuukunja waya.

Mngependa niishie hapo, niwaambie sayansi ilimtetea mjane. Niliishia hapo mimi pia kwa muda, nikitembea Sirisia kifua mbele. Halafu nikamfuata mwenyekiti njiani nikamuuliza, "Mwalimu, na kama yale majani yangefanana?"

Akarekebisha kofia. "Hayakufanana."

"Lakini kama yangefanana?"

"Kijana," akaniambia, nami wakati huo nina mvi, "hayakufanana."

Basi nikajua. Wale wazee wote walijua tangu siku ya kwanza kwamba hadithi ya Barasa ni ya kutunga. Walijua mjane anachota na ng'ombe. Walikuwa na midomo, na walimjua babu. Lakini kusema kunaleta uhasama, na jani halina shamba la kulipiziwa kisasi. Wakamwacha mwanamke mtoni msimu mzima ili sauti kutoka kwenye simu iseme wao walichokuwa wanakijua. Na lau upepo ungekuwa umelitua kangaga la mlimani pale penye maji, mama yule angekuwa akitembea mtoni hadi leo, kwa sababu ya kisayansi kabisa. Mashine hujibu ulichoiuliza. Mkiiuliza upuuzi, itawajibu upuuzi kwa usahihi mkubwa. Hilo ndilo nililolipata kwenye kazi hii, na hakuna shule iliyonipa.

Barasa alilipiza kisasi kwa aliyemsaliti. Aliingia kwenye chemchemi na jembe akang'oa kila kangaga, akayachoma. Nilipompa Daktari habari hiyo, nilidhani atauliza habari za mjane. Aliuliza, "Na mizizi pia aling'oa?" Nawapenda wasomi, lakini nisiwadanganye.

Mvua zilipokuja, chemchemi ilibaki wazi, tope na mawe. Kangaga halikurudi pale. Lilichipuka kwenye ufa wa tangi la saruji la Barasa, nyuma ya jikoni yake, mahali panapovuja. Vumbi lilikuwa limetoka kwenye majani aliyoyaburuta mwenyewe hadi uani kwenda kuyachoma.

Nilidhani ataling'oa. Mwaka jana nilipita kumsalimia, akanishika mkono mpaka nyuma ya jikoni. Amelizungushia vijiti. Amekata chupa ya plastiki, nayo analinyunyizia maji asubuhi na jioni.

"Unaona hii?" akaniambia. "Imetoka Amerika Kusini. Ikapita nyumba zote za Sirisia, bana. Ikachagua kwangu."

Niliangalia bondeni. Mama Nasimiyu alikuwa chemchemini, amekunja sketi, ndoo inajaa. Nikamuuliza Barasa maji ya kunyunyizia kangaga anayatoa wapi, maana tangi linavuja.

"Hapo chini," akasema. "Mulamwa hunijazia."